Pikipiki Isiyo na Breki



Mwezi uliopita vijana wanne wa darasa letu la jioni walikwenda Bwera siku ya soko, wakaingia kwenye kibanda cha video kutazama mpira. Mpira ulichelewa, wakaonyeshwa mashindano ya pikipiki. Jumatatu darasani hesabu haikufundishika. Eti kuna pikipiki za mashindano zisizo na breki! Tukawaambia waache uongo. Kumbe ni kweli, na aibu ikawa yetu sisi walimu, ndipo tukaanza kutafuta habari zake.

Jambo hili si la kucheka tu. Hali mnaijua wenyewe. Kuanzia Kasese mjini, kupita Kikorongo, hadi darajani Mpondwe, kazi ambayo kijana anaiona kila siku mbele ya macho yake ni boda-boda, au moto kama tunavyosema sisi wa Kongo. Ni moto iliyotubeba wengi wetu siku ile, godoro nyuma, sufuria mbele, na watoto wawili katikati. Mwaka huu vijana watatu wameacha darasa letu ili waendeshe. Mmoja wao alikuwa wa kwanza katika hesabu. Tulipokwenda kuongea na baba yake alituuliza kwa upole, "Mwalimu, hesabu italeta unga lini?" Tulirudi bila jibu. Kwa hiyo tulipokuta habari za mtu aliyelisha familia yake kwa pikipiki za mashindano karibu miaka 20, tulitaka kujua alifanyaje.

Kwanza mchezo wenyewe. Unaitwa spidiwei. Ulipata nguvu Australia miaka ya 1920, ukafika Uingereza mwaka 1928, na leo unapendwa zaidi Polandi. Uwanja ni wa udongo, umbo lake kama yai. Wanashindana watu wanne, mizunguko minne, wote wakikata kushoto. Kwa dakika moja hivi kila kitu kimekwisha. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu. Pikipiki ina injini ya sisi 500, gia moja tu ya kukimbilia, inatumia methanoli badala ya petroli, na breki haina hata moja.

Sasa anakataje kona? Hapo ndipo vijana wetu walipogombana. Gurudumu la nyuma linaachwa liteleze kwenda nje, usukani unageuzwa kulia ingawa kona ni ya kushoto, na mguu wa kushoto unaburuzwa chini. Kiatu cha mguu huo kina chuma chini yake, la sivyo soli isingemaliza hata mbio moja. Kule kuteleza kwenyewe ndiko kunakopunguza mwendo. Tena mkononi kuna kamba ndogo iliyounganishwa na pikipiki, mtu akianguka inachomoka na injini inazima. Breki hakuna kwa sababu mmoja akifunga breki ghafla katikati ya kona, wa nyuma watampanda.

Mtu tuliyemtaja ni Ivan Mauger. Alizaliwa mwaka 1939 katika mji wa Christchurch, Nyuzilandi. Mwaka 1957, akiwa na miaka 17, alisafiri hadi Uingereza pamoja na mke wake Raye, naye msichana bado, kwa sababu ukitaka kuishi kwa spidiwei wakati ule lazima ufike huko. Alikwenda kwenye timu ya Wimbledon, London. Je, alipokewa kama bingwa? Wapi! Alipata mbio chache sana, na muda mwingi alikuwa mfanyakazi wa kutengeneza uwanja ambao wenzake walikimbilia. Mwaka uliofuata walirudi nyumbani mikono mitupu.

Tumefikiri sana juu ya kurudi huko. Kati yetu wapo wanaojua kurudi mahali ambapo watu walikuaga kwa shangwe, sasa wanakuangalia mizigo. Magazeti ya michezo hupenda kuruka sehemu hii na kwenda moja kwa moja kwenye vikombe, lakini kwa maoni yetu ndiyo iliyomfanya. Hakuacha pikipiki. Alivuka kwenda Australia, akajifunza kwa Jack Young, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1951 na 1952. Mwaka 1963 akarudi Uingereza, safari hii timu ya Newcastle, na akashinda mashindano ya wakimbiaji wa ligi yao mwaka huo na mwaka 1964. Mwaka 1967 akawa wa tatu duniani. Mwaka 1968, mjini Gothenburg, Uswidi, akawa bingwa wa dunia. Hesabuni wenyewe: tangu safari ile ya kwanza ni miaka 11.

Baada ya hapo hakukamatika. Mwaka 1969 alishinda tena, na mwaka 1970 pia, kule Polandi. Kabla yake hakuna aliyewahi kushinda mara tatu mfululizo. Wamarekani wawili walikuwa wamemwahidi kwamba akishinda ya tatu, pikipiki yake wataipaka dhahabu. Walitimiza! (Watoto wa darasa la tatu wameichora, picha ziko ukutani, mnakaribishwa.) Akashinda mwaka 1972 na 1977, na mara ya sita mwaka 1979, akiwa na miaka 39. Alifariki Aprili 2018, Australia. Tony Rickardsson wa Uswidi alifikisha sita pia, na mwaka 2025 Bartosz Zmarzlik wa Polandi naye akafikisha sita.

Alikuwa jasiri kuliko wengine? Jasiri walikuwa wote, bila hivyo hupandi kitu kama kile. Mauger alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni kuondoka. Kamba zinaporuka juu, anayejua kuachia klachi kwa kipimo ndiye anayefika kwanza kwenye kona, na wa nyuma wanakula udongo. La pili ni karakana. Pikipiki zake zilikaguliwa kama daktari anavyomkagua mgonjwa, kila nati, kabla ya kila shindano.

Na pesa? Hili wazazi ndilo mtakalouliza. Mkimbiaji wa spidiwei hana mshahara kama wa mwalimu. Kwa kawaida analipwa kwa pointi, na pikipiki, injini, vipuri, fundi na safari ni juu yake mwenyewe. Ndiyo maana wengi wanakimbilia timu za nchi mbili au tatu kwa msimu mmoja, leo Uingereza, kesho Polandi, kesho kutwa Uswidi. Injini ikifa, pointi hakuna, na siku hiyo amefanya kazi ya hasara. Vijana wa steji mnaoendesha moto ya mtu na kupeleka hesabu kila jioni, hapo mmeelewa kuliko sisi.

Mwili nao una bei yake. Darcy Ward wa Australia alikuwa kijana ambaye wengi walisema atakuwa bingwa wa dunia. Agosti 2015, kule Zielona Góra, Polandi, alianguka na kuumia uti wa mgongo. Alikuwa na miaka 23. Tangu siku hiyo anatumia kiti cha magurudumu. Tulipolisoma hilo darasani palikuwa kimya, kwa sababu wote tulimkumbuka kijana wetu aliyeanguka mwezi wa pili karibu na Kikorongo na moto ya kuazima, bila kofia. Mguu wake haujakunjika vizuri mpaka leo.

Uganda haina uwanja wa spidiwei. Mashindano ya pikipiki yanayojulikana hapa ni motokrosi, ya kuruka vilima vya udongo, na yamefanyika sehemu kama Busiika na Garuga, mbali na sisi, na pikipiki zake zina bei kubwa. Hatutaki kuwadanganya watoto.

Lakini karakana ipo. Mzee mmoja fundi pale Bwera, anayetengeneza moto za wale wanaopanda milima ya Bukonzo kuchukua kahawa, amekubali kupokea vijana sita kila Jumamosi saa nane. Watafungua klachi na injini, wataosha vyombo, hawataendesha. Yule wa hesabu tumemwandika wa kwanza, na baba yake amesema atakuja naye aone kwa macho yake. Wanaotaka nafasi zilizobaki waonane nasi darasani kabla ya Ijumaa, waje na nguo kuukuu.