Kulala Baharini kati ya Lamu na Kiwayu

Wageni wafikao Lamu kwa nia ya kuvizuru visiwa kwa jahazi, wakalala usiku mmoja njiani na kurejea kesho yake, aghalabu humkabili nahodha kwa swali la ujira, na baada ya ujira kwa swali la chakula, ilhali jambo litakaloamua saa ya kutweka tanga, mahali pa kulala na saa ya kurudi ni umri wa mwezi, nalo ni nadra kuulizwa.

Sababu yake iko Mkanda, mlangobahari mwembamba uitengao Manda na bara, ambao ndio njia ya ndani iendayo Pate, Faza na Kiwayu. Maji yakijaa, njia hiyo hupitika bila taabu; yakipwa, chombo chenye shehena hakina budi kungoja. Katika siku za bamvua, mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hujaa pomoni yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa kabisa yapata saa nne. Na kila siku ipitayo wakati huo hukawia kwa takriban dakika 50, hata zikifika siku za maji mafu mambo huwa yamepinduka, kupwa kukawa ndiko kwa saa kumi. Kwa hiyo nahodha awaamshaye abiria wake kabla ya adhana ya alfajiri hana ukali wowote. Wa kutiliwa shaka ni yule akubaliye kuondoka saa yoyote aambiwayo. Siku hizi vyombo vingi vina mashine, lakini mashine haiongezi kina cha maji.

Kisha kuna upepo. Kusi, ivumayo tangu Aprili hata Septemba, huwasukuma wasafiri kwenda Kiwayu kwa wepesi, ikawadai malipo siku ya kurejea, ambapo ni kupiga bisho mchana kutwa na kurowa kwa mawimbi; kaskazi, kuanzia Desemba hata Machi, hufanya kinyume chake. Kwa kundi lisiloizoea bahari ningechagua kaskazi, kwani taabu ya siku ya kwanza huvumiliwa na mtu ambaye hamu yake bado haijachakaa.

Kiwayu ni kisiwa kirefu chembamba, upande wake wa nje ukipigwa na bahari kuu, wa ndani ukiwa shwari, na huko ndani ndiko nanga hutiwa. Hapa tena mwezi hushika hukumu: tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 3, na atiaye nanga alasiri pasipo kupima kina, abiria wake watazinduka katikati ya usiku chombo kimepwelewa, kimelala ubavu, na sufuria la wali limemwagika. Wanaopendelea kulala ufuoni na wakumbuke kwamba kisiwa kimo ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyowekwa mwaka 1979, na kwamba kasa wapandao kutaga hufadhaishwa na taa.

Msomaji anuiaye safari hii na aitazame kwanza kalenda ya mwezi, amwachie nahodha khiari ya saa, wala asikubali nanga ing'olewe kabla ya kila abiria kupewa jaketi la kuokoa maisha.