Kizimba cha Usiku na Mtu wa Kukifungua

Anayenunua mtoto wa mbwa huuliza kwanza habari za chanjo na chakula. Swali la usiku huja kesho yake, kwenye simu, sauti ikiwa ya mtu ambaye hajalala: "Daktari, amelia wee, mwisho nikamwacha huru sebuleni. Asubuhi nakuta kila kona imelowa. Nimfanyeje?"

Jibu langu ni kwamba alale kwenye kizimba, karibu na mtu. Wengi husita wakisikia hivyo, kwa kuwa kwetu kumfungia mbwa kunajulikana kwa sura moja: banda la mabati nyuma ya nyumba, mchana kutwa, kisha giza likiingia anafunguliwa alinde. Kizimba cha mtoto wa mbwa kina utaratibu mwingine. Ni mahali pa kulala katika wiki chache za kujifunza choo, na faida yake yote inategemea kuwepo kwa mtu atakayeamka na kuufungua mlango kwa wakati. Mtu huyo akikosekana, kizimba huharibu zaidi ya kutengeneza.

Hulka anayokuja nayo

Mpaka afikishe kama wiki tatu, mtoto wa mbwa hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama humlamba chini ya tumbo na nyuma ili kumchochea, kisha hulamba kila kinachotoka, na kwa njia hiyo malalo hubaki makavu. Miguu ikishapata nguvu, mtoto huanza kujikokota atoke kwenye malalo, ajisaidie pembeni. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, waliona kwamba inapofika kama wiki ya nane na nusu watoto hao huwa wameanza kurudia sehemu maalumu za haja. Huo ndio umri ambao wengi wao huingia kwenye nyumba zetu.

Kizimba hutumia hulka hiyo tu, ya kutopenda kulala penye unyevu. Hakimwambii kwamba choo kiko nje. Kinamfanya ajizuie kidogo, na akibanwa ahangaike mpaka asikike. Somo lenyewe hutolewa mlango ukishafunguliwa: anapelekwa mahali palepale, anajisaidia, anasifiwa, anarudi kulala. Asipojibiwa, kibofu hufika mwisho wake na mtoto hulazimika kujikojolea mle ndani. Hilo likijirudia usiku baada ya usiku, anazoea kulala juu ya uchafu wake, na ile hulka aliyopewa na mama yake hupotea. Mtoto aliyekulia kwenye kibanda kisichosafishwa huja akiwa tayari ameipoteza. Huyo ana kazi kubwa zaidi, na kumbana kwenye kizimba hakumsaidii.

Saa za kibofu

Kuna hesabu nyepesi ambayo madaktari wa mifugo na wakufunzi wa mbwa huitumia. Chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja: hiyo ndiyo idadi ya saa anazoweza kujizuia mchana, na ndicho kiwango cha juu kabisa. Wa miezi miwili hazidishi muda wa saa tatu, na akiwa anacheza hata saa moja ni nyingi. Usiku hali ni nafuu, maana akilala figo hutengeneza mkojo kidogo. Wa wiki nane anaweza kufika muda wa saa tatu hadi nne. Wakifikia miezi minne, wengi hulala muda wa saa sita au saba bila kutoka. Mbwa wa aina ndogo huchelewa kidogo, kwa kuwa kibofu nacho ni kidogo.

Usiku wa mtoto wa wiki nane unaweza kupangwa hivi. Chakula cha mwisho ale saa kumi na mbili jioni, kwa sababu tumbo likijaa utumbo nao husukuma, na haja kubwa hufuata mara nyingi ndani ya nusu saa. Chombo cha maji kiondolewe saa tatu usiku; kabla ya hapo maji yawepo wakati wote, hasa sehemu za joto. Saa nne atolewe mara ya mwisho. Kengele ya simu itegwe saa saba usiku, kisha saa kumi alfajiri, na saa kumi na mbili na nusu siku yake inaanza.

Kengele ina faida kuliko kungoja kilio. Ukimtoa kabla hajalia, hajifunzi kwamba kelele ndiyo ufunguo. Akipitisha usiku tatu au nne mfululizo pakavu, sogeza kengele mbele kwa robo saa, halafu robo nyingine, hadi safari mbili ziwe moja, na moja iwe haipo. Akilowesha, rudi kwenye saa za awali. Aliyekosea hapo ni aliyetega kengele.

Safari ya saa saba usiku inafaa kuelezwa hatua kwa hatua, maana hapo ndipo watu huharibu. Mbebe kutoka kwenye kizimba mpaka nje. Ukimwacha atembee, atachuchumaa njiani kabla hamjafika mlangoni. Mfunge kamba, mweke chini pale anapopazoea, usimame bila kusema naye. Taa ya barazani inatosha. Atanusa, atazunguka, atachuchumaa, na hata dume huchuchumaa katika umri huo. Subiri amalize kabisa, kwani akisifiwa katikati huacha, akamalizia ndani ya nyumba. Akimaliza tu, palepale, mpe punje ya chakula chake na neno moja la kumsifu. Zawadi ikingoja mpaka mrudi ndani, kwake itakuwa ni ya kurudi ndani. Dakika tano zikipita bila kitu, mrudishe alale. Usicheze naye hata kidogo, la sivyo kesho ataamka saa saba kutafuta mchezo.

Kizimba chenyewe

Madukani vipo vya plastiki na vya waya, lakini fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kutengeneza kizuri kwa nondo nyembamba na wavu. Mwambie alainishe ncha zote kwa msasa, na matundu yawe madogo kiasi kwamba kichwa wala taya ya mtoto haipenyi. Kipimo ni hiki: asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, na ajinyooshe amelala. Kikizidi hapo, atalala upande mmoja na kukojoa upande wa pili. Kama ni mbwa atakayekuwa mkubwa, tengenezesha cha ukubwa wa mwisho, kisha weka ubao wa kugawa unaosogezwa kadiri anavyokua. Ndani tandika gunia safi au khanga kuukuu; akianza kukitafuna au kukikojolea kitambaa, kitoe. Mvue kola kabla ya kufunga mlango, maana hunasa kwenye waya na inaweza kumnyonga.

Mahali pazuri ni kando ya kitanda cha atakayeamka. Nyumba nyingi za Waislamu, pwani na kwingineko, hazimwingizi mbwa ndani, na hilo halizuii mafunzo. Kizimba kikae kwenye baraza yenye paa, chini ya dirisha la chumba cha mwamkaji, aweze kusikia mtoto akijigeuza. Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, usikifunike pande zote: mbwa hujipoza kwa kuhema, na wa pua fupi huzidiwa na joto upesi. Njombe au Limuru mwezi wa Julai, tatizo ni baridi, na mtoto anahitaji blanketi na kinga ya upepo. Usiku ambao siafu wameonekana uani, mwingize kwenye chumba salama. Mnyama aliyefungiwa hawezi kuwakimbia, na huliwa akiwa hai.

Kilio cha aina mbili

Usiku wa kwanza mtoto ametoka kulala katikati ya ndugu zake, leo yuko peke yake mahali asipopajua. Ushauri wa zamani ulikuwa aachwe alie mpaka azoee. Mara nyingi anachozoea ni kukiogopa kizimba, na katikati ya kilio hicho tayari amekojoa. Mwanzishe mchana. Chakula chake kiwekwe ndani, mlango ukiwa wazi. Aingie na kutoka apendavyo. Akishakula kwa utulivu, funga kwa dakika moja, halafu tatu, halafu kumi, ukiwa hapohapo. Usiku unapofika, kizimba kiwe tayari ni mahali penye harufu yake.

Akilia usiku, tazama saa kwanza. Kama umepita muda wa zaidi ya saa mbili tangu akojoe, mtoe. Kama ametoka sasa hivi, basi anataka mwenzake: mwekee vidole kwenye wavu, zungumza naye kwa sauti ya chini, mwache asinzie. Kilio cha namna hii hupungua siku hadi siku. Lakini ukiona mate yanamchuruzika, anatafuna nyaya, kucha zinatoka damu, hiyo ni hofu kubwa na kumfungia kukome. Mzungushie kona yenye sakafu ya kudekika, halafu umwone daktari wa mifugo.

Sakafu ikishalowa

Kumsukuma pua kwenye mkojo au kumchapa kwa kosa la usiku hakumfundishi choo. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yanayofuata papo hapo; saa mbili baadaye, anachokiona ni bwana wake amekasirika. Wenye mbwa hubisha: "Mbona anainamisha masikio, anajua kosa lake!" Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha utafiti uliopima sura hiyo ya majuto. Ilijitokeza zaidi mbwa alipokaripiwa, awe ametenda kosa au hakutenda. Mtoto anayechapwa hujifunza kujificha asikojoe mbele yako, na kesho mkojo utaukuta nyuma ya kochi.

Usafi wenyewe una siri yake. Dawa ya kudekia yenye amonia hunukia kama mkojo na humwita arudi palepale. Yenye klorini isimwagwe juu ya mkojo, kwa kuwa huchanganyika na amonia ikatoa hewa yenye sumu. Futa kwanza, osha kwa sabuni na maji, malizia kwa siki iliyochanganywa na maji, au sabuni ya vimeng'enya ukiipata.

Kuna makosa ambayo ni ugonjwa. Anayekojoa matone mara kwa mara, hasa jike, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo. Anayeharisha huenda ana minyoo. Akiharisha damu huku anatapika na kukataa kula, mkimbize kwa daktari, maana ugonjwa wa parvo huua haraka. Kirusi chake hukaa ardhini kwa miezi mingi, kwa hiyo choo cha mtoto ambaye hajamaliza chanjo, zinazoendelea mpaka karibu wiki ya 16, kiwe kwenye uwanja wenu wenyewe, wala si kando ya barabara wanakopita mbwa wazururaji.

Mpaka wa kizimba

Sweden na Finland zina sheria zinazobana sana kumweka mbwa kwenye kizimba nyumbani, na hoja yao ina uzito: chombo kinachotuliza usiku ni rahisi kukigeuza makazi. Saa za usiku zinatosha. Mchana mtoto anahitaji kutembea, kucheza, kuzoea watu, magari na kelele za ufagio. Anayefungiwa ukiwa kazini na tena ukiwa usingizini hukua mwoga au mkali. Wala usimfungulie alinde akiwa na miezi mitatu. Katika umri huo anachoweza kulinda ni bakuli lake. Mbwa akipitisha mwezi mzima pakavu, acha mlango wa kizimba wazi usiku, na baada ya hapo mpangie kazi anayotakiwa kuifanya.

Mara nyingi mbwa huombwa na mtoto, hununuliwa na baba, na huamkiwa na dada wa kazi ambaye hakuulizwa. Mpango wa namna hiyo hauvuki wiki ya kwanza. Kabla ya kulipa, kaeni muulizane nani ataamka saa saba na nani saa kumi, kwa mwezi mmoja au miwili. Majina yakipatikana, mwiteni fundi achukue vipimo. Yasipopatikana, mwacheni huyo wa wiki nane, mtafute mbwa wa miezi sita na zaidi aliyekwisha kujua choo. Atawapenda vilevile, na usiku mtalala.