Muuzaji wa Nyumba Anapogeuka: Sheria ya Kenya Yasemaje?

Katika nchi jirani ya Kenya, kama ilivyo katika nchi nyingine za Afrika Mashariki, askari hutamani kupata nyumba yake mwenyewe kabla ya kustaafu, maana nyumba ya kambini ni ya serikali. Akiba ya miaka mingi hukabidhiwa muuzaji, kisha siku moja muuzaji hutamka kwamba amebadili nia. Pengine bei imepanda, pengine watoto wamekataa. Je, anayo haki ya kurudi nyuma?

Jibu lategemea hatua iliyofikiwa. Sheria ya Mikataba ya Kenya yataka mapatano ya kuuza ardhi au nyumba yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, tena mbele ya shahidi.  Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yarudia sharti hilo. Kwa hiyo aliyeahidi kwa mdomo tu aweza kugeuka, na mnunuzi atapata taabu kumshitaki kwa mkataba huo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkataba ukiisha kutiwa sahihi, mambo hubadilika. Kwa desturi mnunuzi hutoa arbuni ya asilimia 10 ya bei. Kurudisha arbuni hiyo peke yake hakumwokoi muuzaji. Mnunuzi aliye tayari kulipa salio aweza kuiomba mahakama imwamuru muuzaji akabidhi nyumba, au alipe fidia ya hasara aliyosababisha.

Hata hivyo, ziko njia ambazo muuzaji hujitoa kihalali. Ya kwanza ni pale mnunuzi mwenyewe anaposhindwa kulipa kwa wakati. Hapo muuzaji humpa ilani, na muda wake ukipita aweza kuvunja mkataba. Ya pili ni ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila idhini ya mume na mke. Ya tatu ni ardhi ya kilimo, ambayo yahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kinachoombwa katika muda wa miezi sita. Kibali kikikosekana, mauzo ni batili, na mnunuzi hudai fedha zake kama deni.

Katika jambo hilo la mwisho mahakama zenyewe zimepata kutofautiana. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua katika shauri moja kwamba muuzaji aliyepokea fedha na kuwaweka wanunuzi katika ardhi hawezi kujificha nyuma ya kukosekana kwa kibali. Mwaka huo huo, katika shauri jingine, majaji wa mahakama hiyo walishikilia kwamba sharti la sheria haliondolewi na huruma. Mwenye busara hangoji kubahatisha baina ya hukumu mbili.

Tanzania nayo ina masharti ya namna hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka mkataba wa maandishi.

Kwa askari, funzo ni la pande mbili. Akiwa mnunuzi, na amwone mke au mume wa muuzaji, akague hati katika ofisi ya ardhi, na asitoe fedha kabla ya sahihi. Akiwa kazini, akumbuke kwamba ugomvi wa mkataba ni wa mahakama ya madai. Unakuwa jinai pale panapokuwa na udanganyifu, kama vile kuuza nyumba moja kwa watu wawili kwa makusudi. Sare na bunduki havimpi mtu hati ya nyumba, wala havimwondoi mkaaji ndani yake pasipo amri ya mahakama.