Jukwaa au kiunzi? Lugha ya kuotesha mfupa upya

Mfupa ukivunjika, aghalabu hujiunga wenyewe mradi ncha zake zilazwe pamoja zitulie. Tatizo huzuka kipande kizima kinapopotea, iwe kwa ajali au kwa upasuaji wa saratani. Pengo likiwa kubwa, mfupa hushindwa kulivuka. Kwa miaka na mikaka madaktari wamekuwa wakimega mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe ili kuliziba. Lakini nyonga nayo hubaki na kidonda, tena mfupa wa kumega una kiasi chake.

Ndipo wanasayansi wakabuni kitu ambacho kwa Kiingereza kimepewa jina la mbao anazosimamia fundi mwashi. Mfasiri wa haraka atasema "kiunzi". Hebu tupime. Kiunzi cha mifupa tunakijua: ni mifupa yote ya mwili. Mgonjwa akiambiwa atawekewa kiunzi, ataelewa nini? Napendekeza "jukwaa", kwa kuwa la fundi hushikilia kazi kwa muda tu, kisha huondolewa.

Jukwaa hili huchapishwa kwa printa ya 3D, tabaka juu ya tabaka. Malighafi yake ni plastiki inayoyeyuka polepole mwilini, kama polikaprolaktoni, au madini ya kalsiamu na fosfeti yanayofanana na ya mfupa. Huachiwa vitundu, aghalabu vya chini ya nusu milimita, ili seli na mishipa ya damu vipenye. Seli zikijenga, jukwaa linayeyuka.

Haidrojeli nayo ni rojorojo iliyojaa maji, mathalani ya jelatini, au ya alijineti itokanayo na mwani. Hubeba seli au protini za kuamsha ujenzi. Mnamo 1965, Marshall Urist wa Marekani alionyesha kuwa mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa kwenye msuli wa mnyama, huotesha mfupa mpya. Hapo ndipo utafiti wa protini hizo ulipoanzia. Rojorojo peke yake ni laini mno kubeba uzito, basi hutiwa ndani ya jukwaa.

Kikwazo kikuu ni damu: seli za katikati zisipofikiwa na mishipa mapema, hufa.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu wetu sharti aulizwe, maana ndiye anayetia sahihi kuridhia kuwekewa kitu mwilini. Na ataridhiaje asichokielewa? Istilahi mbovu hapa si kosa la kamusi tu. Ni ridhaa isiyo ridhaa.