Kuunganisha Upya na Kuoanisha Majedwali ya Maneno

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna majedwali ya kanzidata mbili za kompyuta ya mezani yanavyounganishwa na kuoanishwa kwa maagizo ya programu. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao. Lakini maneno yaliyokuwa yakikusanywa katika kadi siku hizi huwekwa katika majedwali ya namna hii, na neno likipotea humo hupotea kimya, bila hata pengo la kadi kuonyesha kwamba lilikuwapo. Mfano wetu utakuwa Microsoft Access, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1992.

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili. Kuunganisha ni kuliacha jedwali katika faili moja na kulisoma kutoka faili nyingine. Kuoanisha ni kuwa na nakala mbili zinazohaririwa mbalimbali, kisha kuzipatanisha. Katika jambo la kwanza habari ni moja tu. Katika la pili ni mbili, na kila moja yadai kuwa ndiyo sahihi.

Jedwali lililounganishwa halina maneno ndani yake. Lina jina la jedwali la asili na njia ya kulifikia faili, nayo njia hiyo huandikwa katika sifa iitwayo Connect. Faili ikihamishwa, kiungo hukatika ingawa maneno yote ni salama. Dawa yake ni maagizo machache. Programu huyapitia majedwali moja moja: ambalo Connect yake ni tupu ni la humo humo, nalo huachwa, ambalo Connect yake yaanza kwa herufi ODBC hutoka katika kanzidata ya aina nyingine, nalo huachwa pia, yale yanayotoka katika faili iliyohamishwa hupewa njia mpya, na kila moja hutolewa amri ya RefreshLink. Kabla ya yote yafaa kuhakikisha kwamba faili mpya ipo na ina majedwali yote yanayotakiwa. Kazi ikisimama katikati, na faili ya zamani ikiwa bado ipo, vidahizo vitasomwa katika faili mpya na maana zake katika ile ya zamani, wala hakuna onyo litakalotokea. Hitilafu hii ni mbaya kuliko kiungo kilichokatika, maana kilichokatika huonekana.

Kuoanisha kwataka uangalifu zaidi. Tuseme wakusanyaji wawili, mmoja Lamu na mwingine Unguja, wana nakala za kanzidata moja. Programu itajuaje kwamba mstari huu na ule ni neno lile lile? Tahajia haitoshi: kaa wa baharini, kaa la moto na kitenzi kaa huandikwa sawasawa. Tena ng'ombe aliyeandikwa kwa ritifaa iliyonyooka na yule wa ritifaa iliyopinda huenda wakahesabiwa maneno mawili. Namba za mfululizo nazo hazifai, kwa kuwa nakala zote mbili zaweza kutoa namba 501 kwa maneno tofauti. Kwa hiyo kila mstari hupewa kitambulisho cha biti 128, ambacho ni vigumu mno kutokea mara mbili, pamoja na namba ya toleo inayoongezwa kila mstari unapohaririwa.

Hapo kazi hufuata utaratibu. Mistari iliyomo upande mmoja tu huongezwa upande wa pili, vidahizo vikitangulia maana zake. Iliyobadilika upande mmoja hunakiliwa. Iliyofutwa haiondolewi papo hapo, bali hutiwa alama. La sivyo nakala ya pili itairudisha kana kwamba ni mipya. Kazi yote hufungwa katika muamala mmoja, ili ikishindikana popote, kila kitu kirudi kilivyokuwa.

Wabaki mstari uliobadilika pande zote mbili tangu maoanisho ya mwisho. Wengi huamuru kwamba badiliko la baadaye lishinde. Amri hiyo ni nyepesi kuandikwa, lakini huyapa mamlaka majira ya saa badala ya elimu: maana iliyopatikana Lamu hufutwa na ile ya Unguja kwa sababu tu hii imeandikwa jioni. Yafaa matoleo yote mawili yawekwe katika jedwali la pekee, yangoje mhariri, maana huenda yote ni ya kweli, kila moja katika lahaja yake.

Zamani Access ilikuwa na chombo chake cha kuoanisha nakala, kilichokuja katika toleo la mwaka 1995; lakini muundo mpya wa faili ulioletwa na toleo la 2007 haukukichukua. Kwa hiyo anayetumia muundo huo hana budi kuandika maagizo yake mwenyewe. Basi na ayaandike akijua kwamba programu yaweza kuonyesha mahali nakala mbili zinapohitilafiana, lakini kuamua ni kazi ya mwenye kuijua lugha.