Hema la Wawili kwa Mlima wa Mvua: Kweli au Uongo?

Asubuhi ikiwa safi, ukiwa Beni unaweza kuiona theluji ya Ruwenzori kabla mawingu hayajaifunika. Kijana wa Beni au Butembo anayetamani kulala huko juu na mwenzake huanza kuulizia hema, na hapo ushauri humiminika. Mwingi wake haujawahi kufika mlimani.

“Nunua la misimu minne, ndilo la mwaka mzima.”
Uongo, na ndio unaokula pesa nyingi. Hema la aina hiyo limeundwa kwa majira ya baridi kali ya Ulaya na Amerika Kaskazini: nguzo nyingi za kuhimili theluji ikilundikana, na kitambaa kizito pale ambapo mengine yana chandarua. Butembo iko karibu kabisa na ikweta. Tuna vipindi viwili vya mvua kwa mwaka, na mlimani hata kiangazi hunyesha. Theluji ya kudumu imebaki huko juu karibu na kilele cha Margherita, mita 5,109, ambako watu hupanda alfajiri na kushuka siku hiyohiyo. Kwenye kambi za mita 3,000 au 4,000 kinachokutesa ni mvua, tope na ukungu, pengine na barafu nyembamba usiku. Hema la misimu mitatu linatosha, mradi kifuniko chake cha nje kishuke hadi karibu na ardhi; baridi liachie begi la kulalia. Ukichukua lile la theluji, utabeba kilo 3 au 4 badala ya 2, kisha ulale kwenye mvuke wako mwenyewe.

“Asubuhi ndani kumelowa, basi linavuja.”
Mara nyingi uongo. Watu wawili waliolala wanaweza kutoa nusu lita ya maji au zaidi kwa pumzi na jasho katika usiku mmoja, na mvuke huo ukigusa kitambaa baridi hugeuka matone. Pitisha kidole. Unyevu ukiwa umetandaa sawasawa juu yenu, ni pumzi zenu. Maji yakifuata mstari wa mshono, au yakijikusanya kwenye pembe moja, hapo kweli pana tundu. Dawa ya pumzi ni hewa: matundu ya juu yabaki wazi hata mvua ikinyesha, kitambaa cha ndani kisigusane na cha nje, nguo mbichi zilale kibarazani. Anayefunga kila zipu kwa kuogopa baridi ndiye huamka na begi lililolowa.

“Milimita nyingi, halivuji.”
Nusu kweli. Namba hiyo ni kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kupenyeza. Kifuniko cha 1,500 huzuia mvua ya kawaida. Sakafu huhitaji zaidi, kwa kuwa magoti na viwiko huyasukuma maji ndani. Lakini hata 5,000 haisaidii kama mishono haijazibwa. Ligeuze, utafute utepe unaong'aa juu ya kila mshono. Usipouona, mrudishie muuzaji hema lake.

“La watu wawili huwatosha wawili.”
Kwa kulala tu. Upana wa sentimita 130 hupokea magodoro mawili ya sentimita 50, na mikoba haina pa kukaa. Tafuta milango miwili na vibaraza viwili, na kimo cha kukuwezesha kuketi wima, maana mvua ya Ruwenzori inaweza kuwafungia ndani mchana kutwa.

“Tandika turubai kubwa chini.”
Uongo. Ukingo unaochungulia nje hukinga mvua na kuileta chini ya migongo yenu. Ukunje uingie ndani kabisa.

“Vigingi vilivyokuja nalo vinatosha.”
Kwenye tope la huko vyembamba hung'oka. Pendelea hema linalosimama lenyewe, kamba uzifunge kwenye mawe.

“Baridi ikizidi, ingiza makaa.”
Uongo unaoua. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na hema dogo hujaa upesi. Msijaribu hata kidogo.

“Usilihifadhi likiwa bichi.”
Kweli. Likikaa limekunjwa na maji kwenye joto la Beni, utando wa ndani huanza kunata na kunuka, na hakuna sabuni ya kuurudisha. Likaushe kivulini, kwani jua letu nalo hula nailoni.

Kabla ya kusafiri nalo, lisimamishe uani siku ya mvua, mlale humo wote wawili. Kisha ulizeni usalama. Njia ya zamani ya Mutwanga, yenye vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo, imo ndani ya Hifadhi ya Virunga: msikanyage huko bila ruhusa ya ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi. Wanaopandia upande wa Uganda huvuka Kasindi hadi Mpondwe, kisha Kasese. Nao waulizie kwanza hali ya barabara ya Beni–Kasindi.