Nyumba ya kupanga ni ya zamani, je, sheria inaihusu?

Ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi minne kumwona mama yule wodini na mtoto yuleyule.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mwanangu. Amerudi tena?"

Mtoto ana miaka miwili na nusu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, anahema haraka, hataki hata kunyonya chungwa. Kipimo cha malaria kilionyesha anayo, na damu ilisoma 5.1. Mtoto wa umri wake anatakiwa awe na 11 au zaidi. Tukamwongezea damu, tukaanza sindano ya malaria, na usiku ule akatulia.

Kesho yake nilimuuliza mama kuhusu chandarua. Anacho, na wanakitumia. Nikamuuliza kuhusu nyumba. Amepanga chumba kimoja pembeni ya mji wa Ifakara, karibu na mashamba ya mpunga. Ukuta ni wa tofali za kuchoma na juu kuna bati, lakini kati ya ukuta na bati pameachwa uwazi ambao mkono unapita. Dirisha lina nondo tu. Wavu uliokuwapo uliisha zamani.

"Nilimwambia baba mwenye nyumba azibe. Akasema nyumba hii kaijenga kabla ya hizo sheria mpya za ujenzi, haimhusu. Nikiona haifai nihame."

Jibu hilo nimelisikia kwa wagonjwa wengi, ndiyo maana wiki hii naliandikia.

Mzee yule ana nusu ya ukweli. Kibali cha ujenzi kinatolewa na halmashauri kabla nyumba haijajengwa, na masharti yake yanamwangalia anayejenga leo. Nyumba iliyosimama miaka 30 haibomolewi kwa sababu masharti ya kibali yamebadilika. Masharti hayo yanamrudia mwenye nyumba pale anapoongeza vyumba au anapobadili matumizi, kwa mfano kugeuza nyumba ya familia kuwa ya wageni, maana hapo anahitaji kibali upya.

Nusu nyingine hakuitaja. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 haiulizi nyumba ina umri gani. Inauliza iko katika hali gani leo. Nyumba ambayo kwa jinsi ilivyojengwa au ilivyochakaa inahatarisha afya ya wanaoishi humo inahesabika kuwa kero, na afisa afya wa mazingira anaweza kumpa mwenye nyumba notisi ya kurekebisha. Halafu kuna Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Humo, mtu anapopangisha nyumba au chumba cha kuishi, anahesabiwa kuwa ameahidi kwamba kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kwamba kitaendelea kufaa muda wote wa kupanga. Ahadi hiyo ipo hata kama mkataba wenu haukuiandika.

Tangu ghorofa liporomoke Kariakoo Novemba 16, 2024, watu wakisikia usalama wa majengo wanafikiria nondo na zege. Huku bondeni ghorofa si nyingi. Wagonjwa ninaowaona wametoka nyumba za chini, imara kabisa, ambazo hazitaanguka leo wala kesho. Shida yao iko juu ya ukuta.

Mbu wa malaria anamtafuta mtu kwa hewa anayotoa na kwa harufu ya mwili. Usiku hewa ya chumbani inapanda na kutokea kwenye ule mwanya wa juu. Mbu akifika ukutani anapanda nao hadi anaufikia, anaingia. Dirisha ni njia yake pia, lakini mwanya wa juu ndio lango kuu. Humu Kilombero anayetusumbua zaidi ni anofelesi funestasi. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameonyesha kuwa katika vijiji vyetu mbu huyu anabeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi, hata pale alipo mchache kuliko wenzake. Anapenda kuuma watu ndani ya nyumba.

Mwaka 2018 watafiti wa hapa walichapisha matokeo ya kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya bonde hili. Zaidi ya nyumba tisa katika kumi zilikuwa na ukuta wa matofali au paa la bati, yaani zile tunazoziita nyumba bora. Hata hivyo, karibu nusu ya nyumba zote zilikuwa na mwanya wazi juu ya ukuta. Tumepandisha bati tukasahau kufunga mlango.

Mzazi ataniuliza, chandarua kinafanya kazi gani basi? Kazi kubwa. Wilaya zetu za Kilombero na Ulanga zilikuwa za mwanzo nchini kuuziwa vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu na kujaribu hati punguzo kwa wajawazito, kuanzia mwaka 1997, na watoto wengi walipona kifo kwa sababu hiyo. Lakini mtoto haingii chandaruani saa moja jioni. Anacheza chumbani, anakula, anasinzia kwenye mkeka mpaka mama amalize vyombo. Saa hizo ukuta ndio unaomlinda, au haumlindi.

Gambia walijaribu jambo hili kwa kipimo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, nyumba ziliwekewa wavu milangoni na madirishani na mianya ya juu ikazibwa. Kati ya watoto 100 wa nyumba hizo, 19 walikuwa na upungufu wa damu. Katika nyumba zilizoachwa vilevile walikuwa 30. Niwe mkweli pia: utafiti mwingine wa hukohuko, wa mwaka 2021, uliboresha nyumba za watoto waliokuwa tayari na vyandarua na haukuona nafuu ya ziada. Kwa hiyo nisimsikie mtu akisema nimeweka wavu dirishani, chandarua nimewapa kuku.

Kuziba nako kuna namna yake. Wapo wanaojaza mwanya wote kwa tofali na udongo. Mbu anapungua, lakini chumba chini ya bati kinakuwa tanuri, watu wanahamia kulala nje na mbu anawakuta huko. Kibaya zaidi, masika mama anaingiza jiko la mkaa ndani. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kisichopumua kinaweza kuua familia nzima usingizini. Hata kifua kikuu kinapenda chumba kilichofungwa. Ziba kwa wavu: hewa inapita, mbu hapiti. Wavu wa plastiki wa madirisha unauzwa kwa mita, na fundi wa kawaida anaupigilia kwa vipande vya mbao kuzunguka chumba kwa siku moja. Chandarua kilichochanika mpaka hakifai kitandani kinaweza kukatwa kikazibia mwanya kwa muda. Kisipelekwe mtoni kuvulia samaki.

Sasa namna ya kusema na mwenye nyumba. Usianze na afisa afya. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita anajua akigombana naye leo, mkataba ukiisha ataambiwa mwanangu anarudi, anakitaka chumba. Tangu sheria ya zamani ya udhibiti wa kodi ifutwe mwaka 2005, kinga ya mpangaji imepungua, na hofu hiyo ina sababu. Anza kwa makubaliano: wewe unanunua wavu na kumlipa fundi, gharama inakatwa kwenye kodi inayofuata. Mwandikishane, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Akikataa, nenda kwa afisa afya wa kata na cheti cha mtoto mkononi, umwombe aje akague. Ikishindikana, Baraza la Kata linaweza kuwasuluhisha.

Mama yule alifanya la kwanza. Mzee alinung'unika siku mbili, akakubali gharama ikatwe kwenye kodi, mradi misumari isiharibu kenchi zake. Wiki sita baadaye mtoto alirudi kliniki kwa miguu yake, damu ikiwa 9.8, na bado anaendelea na dawa ya kuongeza damu. Nyumba ile ina vyumba vitano. Vinne vingine havina wavu, na katika kimojawapo yupo mjamzito wa miezi saba. Nimemwomba mama amlete.